Dumu Lisilojaa: kisa cha familia moja ya Moshi iliyotafuta ndugu wa kutoa figo

Dumu la kwanza la mkojo lilikuja na mililita 610. Nilipolipokea niliona ni jepesi, lakini asubuhi ile mashine zote zilikuwa na watu, nikaandika namba kwenye fomu na kulituma maabara. Wiki iliyofuata likaja la pili, mililita 680. Aliyeyaleta alikuwa binti wa miaka 27, mzima wa afya, anayepimwa ili amtolee kaka yake figo. Ilinibidi nione madumu mawili ndipo nielewe alichokuwa ananiambia.

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu hapa Moshi. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu na maofisa ustawi wa jamii, na zaidi kwa familia ambazo sasa hivi zimekaa sebuleni zikijiuliza nani akapimwe. Wahusika wameniruhusu, na kila mmoja nilimuomba peke yake. Umri, kazi na vijiji nimevigeuza kidogo.

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 36, fundi wa kuchomelea, mtoto wa mwisho wa kiume. Kwa desturi ya Kichaga ndiye aliyebaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, na mama yake, upande wa Kibosho, baada ya baba kufariki. Alifika hospitali akiwa amechelewa: miguu imejaa, anatapika, damu imeshuka mpaka akaongezewa chupa mbili. Chupa hizo mbili nitazirudia baadaye. Figo zake zilikuwa zimeshasinyaa zote mbili, na daktari hakuweza tena kusema kwa uhakika kama presha ndiyo iliyoziua figo au figo ndizo zilizopandisha presha. Akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari. Anashuka mlimani kabla hakujapambazuka, anarudi mchana amechoka, na siku inayofuata hana nguvu za kushika hata nyundo. Ng'ombe wawili waliuzwa miezi ya mwanzo.

Siku mbili baada ya Krismasi, wakati kila Mchaga yuko nyumbani, ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo aliongoza. Wengine walikuwa shangazi, kaka mkubwa wa miaka 44 anayeuza spea za magari Arusha, dada wa pili ambaye ni mwalimu, mke wa mgonjwa, mama mwenye miaka 62, na yule binti, mzaliwa wa mwisho, fundi cherehani aliyepanga chumba Pasua, Moshi mjini. Baba mdogo alidhani safari ni ya India, kama ilivyokuwa zamani. Mwalimu akamweleza kwamba Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kikao kikachangamka. Kumbe jambo linawezekana hapa hapa. Kilichobaki ni figo.

Nimesimuliwa kikao hicho na watu wanne tofauti, na wote wanakubaliana jinsi hesabu ilivyopigwa. Kaka mkubwa alisimama wa kwanza akasema atatoa yeye, wakamwambia ana watoto wanne shuleni. Mwalimu ana mume, na mume hakuwepo kuulizwa. Mke wa mgonjwa aliambiwa yeye si damu yao. Mama alisema, "Mimi nipo," na baba mdogo akamjibu kwa upole kabisa kwamba mama wa umri ule hakatwi, watu watasema nini. Akabaki binti. Hana mume, hana mtoto, biashara yake ni cherehani moja. Hana majukumu. Neno hilo ndilo lililoamua. Na ili asione ametupwa, baba mdogo akaongeza kwamba akitoa figo atakatiwa kipande cha kihamba upande wa mgombani, chini ya nyumba.

Mtu asiyejua mlimani anaweza kupita juu ya ahadi hiyo bila kuuona uzito wake. Binti wa Kichaga kuahidiwa kihamba si jambo la kila siku. Kwa msichana anayelipa kodi ya chumba kila mwezi, ile ardhi ni mali ambayo asingeipata kwa kushona sare za shule maisha yake yote. Baba mdogo aliitoa kwa nia njema, nina hakika. Lakini kanuni za Shirika la Afya Duniani kuhusu upandikizaji, zilizopitishwa 2010, zinakataza kiungo kulipiwa, na malipo si lazima yawe noti. Kipande cha mgomba ni malipo. Tulipokuja kukijua, tuliiambia familia waziwazi: mtakachompa mtoto wenu ni hiari yenu, lakini kisifungamane na figo, na kama kimefungamana upimaji unasimama.

Binti hakusema ndiyo siku ile, wala hapana. Wiki moja baadaye shangazi alishuka Pasua ameshika isale.

Wasio wa huku niwaeleze. Isale ni jani la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba. Ukimkosea mtu ukamletea isale, unamwomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu mno kuikataa. Anayekataa isale anaonekana amekataa watu wote walio nyuma ya jani hilo, walio hai na waliokufa. Binti na kaka yake hawakuwa wakisemeshana tangu matanga ya baba yao. Kulitokea maneno kuhusu nyumba, na ndiyo sababu alihamia mjini. Shangazi alikuja kumwombea kaka msamaha. Binti akapokea jani, akalia, akasamehe kwa moyo wake wote. Sentensi iliyofuata ikawa: basi Jumatatu tutaongozana hospitali.

Naiheshimu isale. Nimeona imeponya nyumba ambazo mahakama zilishindwa. Lakini jani lililokuja kuomba msamaha likageuzwa kuwa hati ya kuomba kiungo, na huyu binti hakupewa hata usiku mmoja kati ya mambo hayo mawili.

Sasa kosa langu. Jumatatu hiyo walikuja wote wawili, shangazi na binti. Niliwakaribisha kwenye chumba cha ushauri, shangazi akaketi kiti cha karibu na mlango. Nikasoma maswali ya fomu. Unajua utatolewa figo moja? Anajua. Kuna mtu amekulazimisha? Binti akatazama meza, akasema, "Hapana, sista, nimekubali mwenyewe." Nikaandika kwamba amekubali kwa hiari. Niliandika hiari ya mtu huku aliyempeleka amekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa nimefundishwa kwamba swali hilo huulizwa mlango umefungwa, mhusika akiwa peke yake, na mtu asiyemhudumia mgonjwa. Shangazi ni mtu mzima, alinisalimia vizuri, na nikaona aibu kumwomba atoke nje. Aibu yangu ya dakika moja ilimgharimu binti wiki saba.

Vipimo vyenyewe, ukivipanga vizuri, vinaanza na vya bei ndogo, kwa sababu ndivyo vinavyowaondoa watu wengi. Kundi la damu, presha, sukari, uzito, na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo: kwa asubuhi moja unajua nusu ya habari. Hawa hawakufuata njia hiyo. Kabla ya kuja kwetu, kituo kimoja binafsi kilishawachukulia damu watu wanne kwa pamoja kwa ajili ya kulinganisha tishu, kipimo ghali kinachosafirishwa kwenda maabara nyingine. Pesa ya ng'ombe wa pili iliishia hapo. Wawili kati ya hao wanne hawakupaswa hata kufika huko.

Mgonjwa ni kundi O, na wa kundi O hupokea figo ya mtu wa kundi O tu. Mke wake ni A, mwalimu ni B. Wakatoka, na mwalimu alilia kama aliyefeli mtihani aliousomea. (Wengi huniuliza kuhusu chanya na hasi zinazoandikwa kwenye kadi ya damu. Hizo ni za kuongezewa damu. Kwa figo hazina kazi.) Waliobaki wa kundi O walikuwa kaka mkubwa, mama, na binti.

Kaka mkubwa alifika kutoka Arusha ameshajipangia mpaka mtu wa kushika duka. Mwili mkubwa, sauti ya kujaza chumba, hajawahi kulazwa. Presha yake ilisoma 164 kwa 102. Nikampumzisha robo saa, nikapima tena: 160 kwa 100. Kijiti cha mkojo kikabadilika rangi mpaka alama mbili za protini. Alirudi mara mbili zaidi katika siku tofauti, na majibu yakabaki kulekule. Kreatini ya damu, taka ya misuli ambayo figo hutakiwa kuitoa, ilikuwa 141, kumaanisha figo zake zilikuwa zinachuja karibu mililita 55 kwa dakika. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 wa kutathmini wanaotaka kutoa figo, wa KDIGO, shirika linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, unamwona mwenye 90 na zaidi kuwa salama kwa kipimo hicho, mwenye chini ya 60 hakubaliwi, na walio katikati huangaliwa mmoja mmoja. Kaka mkubwa alikuja kutoa figo akaondoka na kadi ya kliniki.

Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo na mimi nafuata?" Daktari alimjibu kwamba amewahi, kwamba presha ikishuka na protini ikipungua miaka mingi inaweza kuokolewa. Hilo ni kweli, na ni moja ya mema ambayo upimaji wa ndugu huyaleta bila kutarajiwa. Lakini pia lilibadilisha kisa chote. Ndugu wawili wa tumbo moja, wote chini ya miaka 45, wote figo zina shida. Ukiwa mpimaji makini, hapo unasimama na kuuliza kuna nini kwenye familia hii kabla ya kumgusa wa tatu. Altrasaundi haikuonyesha vifuko vya maji, hivyo ule ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko tuliuweka pembeni. Yako mabadiliko ya jeni iitwayo APOL1, yaliyogunduliwa 2010, ambayo humkinga mtu na aina fulani ya vimelea vya malale lakini akiyarithi kwa baba na mama pia humwongezea hatari ya figo kufa. Yanapatikana zaidi Afrika Magharibi kuliko huku kwetu, na kipimo chake hatukuwa nacho. Tulibaki na shaka, na shaka hiyo ilimwangukia binti. Ndugu ndiye anayelingana zaidi na mgonjwa kwa tishu, na kwa sababu ileile ndiye anayeweza kuwa na ugonjwa uleule ambao haujajitokeza.

Basi tunarudi kwenye dumu.

Kukusanya mkojo wa saa 24 ni kazi ya uvumilivu. Unaamka, mkojo wa kwanza unaumwaga, unaandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu, mchana na usiku, mpaka saa ileile kesho yake. Ukisahau mara mbili, hesabu inaharibika. Ila maabara ina namna ya kukagua kama umekusanya wote. Misuli hutoa kreatini kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku. Kwa mwanamke ni kama miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito. Binti ana kilo 54, kwa hiyo tulitegemea 800 na zaidi. Dumu la kwanza lilikuwa na 390. Ukiifuata hesabu hiyo kama mashine, figo zake zinachuja mililita 39 kwa dakika, yaani mgonjwa mahututi wa kesho. Damu yake, iliyochukuliwa asubuhi ileile, inasema zaidi ya 100. Mtaalamu wa maabara aliandika kwa kalamu nyekundu: haujakamilika, arudie.

Nikampigia simu, nikamweleza upya taratibu zote. Nilidhani ni shida ya choo. Anapoishi wapangaji sita wanatumia choo kimoja cha nje, na kwenda nalo dumu mbele ya watu usiku si jambo rahisi kwa msichana. Nikampa dumu la pili na mfuko mweusi wa kulificha. Likaja na miligramu 430.

Siku hiyo alikuja peke yake, shangazi alikuwa na msiba Uru. Nikamwita apime presha, nikafunga mlango. Sikumuuliza kuhusu dumu. Nilimwambia, "Mdogo wangu, swali nililokuuliza siku ya kwanza sikukuuliza vizuri. Nakuomba nirudie." Alikaa kimya muda mrefu, mkono bado uko kwenye mkanda wa presha. Kisha akasema: "Sista, nikisema hapana nitaenda wapi?"

Alikuwa anamwaga nusu. Hakuwa na mpango wa kudanganya maabara, hata hakujua kreatini ni nini. Alichofikiri ni kwamba mkojo ukiwa kidogo daktari ataona figo zake hazifai, na hapana itatoka kinywani mwa daktari badala ya kwake. Anampenda kaka yake, na alinisisitizia hilo kama mtu aliyekuwa mahakamani. Anaogopa kisu. Ana mchumba wa Himo ambaye ukoo haujamjua bado, na mwaka uliofuata walitaka kufunga ndoa.

Akaniuliza kama ni kweli kwamba kutoa figo si kitu, maana shangazi alimwambia mtu hata hajui kama imetoka. Nilimpa nilichonacho. Vifo vya upasuaji huo ni vichache sana, kama watu 3 kwa kila 10,000 katika siku 90 za kwanza, kwa takwimu za Marekani. Figo inayobaki huongeza kazi yake, na baada ya miezi mtu hubaki na karibu theluthi mbili ya uwezo aliokuwa nao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, uliowafuatilia wachangiaji zaidi ya 96,000, ulikadiria kwamba katika miaka 15 figo hufa kwa 31 kati ya kila 10,000 waliotoa, dhidi ya 4 kati ya watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Kwa wachangiaji weusi ilikuwa karibu 75. Hatari bado ni ndogo, lakini ipo, na kwake mwenye kaka wawili wagonjwa hatukuweza kuapa kwamba ni ndogo kiasi hicho. Kisha nikamwambia ambalo kikao hakikulifikiria kabisa. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 uliwalinganisha wanawake waliopata mimba baada ya kutoa figo na wenzao wasiotoa: presha ya mimba au hali ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba vilitokea kwa asilimia 11 ya waliotoa na asilimia 5 ya wasiotoa. Wengi walijifungua salama. Ila anapaswa kujua kabla.

Ile hoja ya kikao, kwamba asiye na mtoto ndiye asiye na cha kupoteza, ilikuwa imekaa kichwa chini. Msichana wa miaka 27 ana mimba zake zote mbele, na ana miaka 50 ya kuishi na figo moja. Vipimo vyake safi vya leo vinasema kidogo sana kuhusu presha atakayokuwa nayo akifika umri wa kaka yake. Mama wa miaka 62 anayepimwa akaonekana mzima ameshaupita mtihani ambao bintiye hajaketi kuufanya. Kama kuna figo katika nyumba ile ambayo muda umekwisha kuithibitisha, ni ya yule aliyeambiwa akae chini.

Timu ilikaa: daktari bingwa wa figo, ofisa ustawi wa jamii, na mimi. Tuliiambia familia sentensi moja, kwamba binti amefanyiwa tathmini na hafai kutoa figo. Hatukuongeza neno. Shangazi alitaka karatasi ya majibu, aione kwa macho yake. Nilimwambia, "Shangazi, majibu ni ya aliyepimwa. Hata ya kwako ukipimwa sitampa mtu." Alikasirika, na kwa wiki kadhaa alinipita kwenye korido bila salamu.

Wapo wenzangu walioona tumedanganya. Nimelifikiria sana. Fomu ya tathmini ina sehemu ya figo, ya moyo, ya maambukizi, na ya ridhaa, na asiyeridhia amekosa sifa sawasawa na mwenye kisukari. Hakuna aliyeandika kwamba ridhaa ni sifa ndogo kuliko nyingine. Tulisema hafai, na kweli hafai. Tulichokataa kusema ni kwa nini, na hilo hatudaiwi na mtu. Ningekuwa nimeongopa kama ningesema ana figo mbovu, maana angeishi na maneno hayo mpaka kwa mchumba wake. Madaktari wenyewe, tangu Desemba 23, 1954 pale Boston, Joseph Murray na wenzake walipohamisha figo ya Ronald Herrick kwenda kwa pacha wake, wamebeba mzigo huu: wanamkata mtu mzima wa afya kwa faida ya mwingine. Kinachowapa ruhusa ya kushika kisu ni neno lake peke yake.

Mama alikuja Jumatano, hakuitwa. Alikuwa amevaa kama anayekwenda kanisani. "Mwanangu, nilisema nipo. Mniangalie basi."

Naye nilifunga mlango, tukabaki wawili. Ni rahisi kudhani mama halazimishwi na mtu, kumbe mama ndiye anayelazimishwa na kila kitu. Nilimuuliza kama analala, kama kuna anayemlaumu, kama anaona ugonjwa wa mwanawe ni deni lake. Alifikiri, akasema anajilaumu kwa mengi lakini si kwa hili. Naye alikuwa na maswali yake, bora kuliko yetu. Ataweza kulima tena? Ndiyo, baada ya wiki kadhaa za kutonyanyua kitu kizito. Figo ikikataa kwa mwanawe, atarudishiwa yeye? Hapana. Na akifa mezani, nani atamwambia mwanawe? Hilo hatukuwa tumeliandaa. Tuliandika jina la mwalimu, na mwalimu akaambiwa siku hiyohiyo.

Presha yake ilikuwa 128 kwa 76. Sukari ya asubuhi 5.2, na saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi ikawa 6.9, zote salama. Vipimo vya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende vilikuwa safi, na eksirei ya kifua haikuonyesha dalili ya kifua kikuu. Alipimwa matiti na mlango wa kizazi, kwa sababu saratani iliyojificha husafiri na figo. Kwa kuwa alilima mpunga Mabogini miaka mingi, miguu ndani ya maji, tulitafuta kichocho; kwenye choo chake kikubwa yakaonekana mayai ya vimelea. Alimeza prazikwanteli, tukasubiri, tukapima tena, hayapo. Hapo tulipoteza wiki chache, na kila wiki mgonjwa alishuka mlimani mara tatu.

Dumu la mama lilikuja na mililita 1,870. Alilihifadhi ndani ya ndoo ya maji ya baridi, kivulini chini ya mgomba, na kila saa aliyoingiza mkojo alikuwa ameiandika kwenye daftari la mjukuu. Kreatini ilikamilika, protini haikuwepo, figo zilichuja mililita 86 kwa dakika. Kwa msichana wa miaka 27 namba hiyo ingetutia wasiwasi. Kwa miaka 62 ni figo za mtu aliyejitunza.

Tishu za mama na mtoto hulingana nusu, daima, kwa kuwa mtoto amechukua nusu kwake. Ni ndugu wa tumbo moja ndio wanaobahatisha, robo wanalingana kabisa, nusu wanalingana nusu, robo hawalingani hata kidogo. Nusu inatosha kwa dawa za siku hizi. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa kipimo kingine, kile cha kuchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe nyeupe za mtoaji. Zile chupa mbili za damu alizoongezewa siku za mwanzo zingeweza kuufundisha mwili wake kutengeneza kingamwili, na kama ziko dhidi ya tishu za mama, figo ingeshambuliwa akiwa bado mezani. Ndiyo maana anayetarajia kupandikizwa tunajitahidi kumpa sindano za kuongeza damu, na chupa iwe kwa dharura. Majibu yalikuja Ijumaa jioni. Chembe za mama zilikuwa hai zote. Hazikuguswa.

Picha ya mishipa kwa siti skani ilionyesha figo ya kushoto ina ateri moja, na vena yake ni ndefu kama ilivyo kwa watu wengi. Madaktari wa upasuaji hupenda ya kushoto kwa sababu hiyo. Ya kulia ilikuwa na ateri mbili. Ilibaki kwa mwenyewe.

Jioni kabla ya safari ya Dodoma, binti alipanda Kibosho. Alimkuta mama jikoni akakaa karibu naye, akamwambia kwamba hakuwa na ugonjwa, alikataa. Mama aliendelea kumenya ndizi. "Nilijua tangu siku ya kikao," akamwambia. "Ulikuwa unakunja pindo la kanga."

Sasa ni mwezi wa nne tangu upasuaji. Kreatini ya mgonjwa ni 118, ameanza kuchomelea mageti madogo, na dawa za kuzuia figo isikataliwe anazimeza kwa saa. Ya mama ni 97, juu kidogo ya zamani, kama inavyotarajiwa kwa mwenye figo moja, na atapimwa kila mwaka maisha yake yote. Kaka mkubwa presha yake ni 132 kwa 80. Huja kliniki kutoka Arusha na risiti za dawa mkononi, ananionyesha kabla sijamuuliza. Binti alifunga cherehani yake kwa wiki sita akahamia kihambani, kwa kuwa mama hakuruhusiwa kunyanyua mzigo. Alikata majani ya ng'ombe aliyebaki, alichota maji, alifua. Shangazi alikwenda huko wiki ya tatu, akamkuta anashuka na mzigo wa majani kichwani, akampokea nusu, wakapanda nao mpaka zizini.